Mbaruk bin Rashid wa Gazi: Alishindwa vitani, akaacha alama Udigoni

KATIKA mlango wa mto Mwachema, mahali fuo za Diani zinapoanzia, umesimama msikiti wa Kongo, ambao inakadiriwa ulijengwa kati ya karne ya 14 na ya 15. Si mbali na hapo upo msitu wa Kaya Diani, ambako wazee wa Kidigo walikuwa wakitambika na kumwaga tembo chini ya miti mikubwa kuomba mvua. Kwa karne kadhaa sehemu hizo mbili za ibada zilikaa kama majirani wanaosalimiana pasipo kutembeleana. Wadigo waliwauzia Waswahili nafaka, wakanunua kwao nguo na shanga, lakini dini ya jirani waliiacha kwa jirani.

Halafu mambo yakageuka. Katika muda usiofika miaka 100, tangu katikati ya karne ya 19 hadi Vita vya Pili vya Dunia, Wadigo walio wengi walisilimu, wakabadili majina, mavazi na hata hesabu ya siku za juma. Hakuna jeshi lililowalazimisha, na hakuna mhubiri mmoja mashuhuri anayeweza kutajwa kuwa ndiye aliyewaongoa.

Yeyote anayetaka kufahamu jinsi badiliko hilo lilivyotokea hana budi kupitia Gazi, kijiji cha wavuvi kilichoko Msambweni, Kaunti ya Kwale, na kumtazama mtu ambaye hakuwa mhubiri, wala mwalimu wa chuo, wala mtu wa kusifiwa kwa upole. Huyo ni Sheikh Mbaruk bin Rashid al-Mazrui. Vitabu vya shule humtaja kwa mistari michache kama kiongozi wa vita vya Mazrui dhidi ya Waingereza mwaka 1895 na 1896. Lakini vita hivyo vilidumu mwaka mmoja tu, na kabla yake sheikhe huyo alikuwa ameishi miongo mingi baina ya Waarabu, Waswahili, Wadigo na Waduruma.

Ukoo wa Mazrui ulitoka Omani. Baada ya Waomani kuwafukuza Wareno katika Ngome ya Yesu mwaka 1698, watu wa ukoo huo walipewa uliwali wa Mombasa, na katika karne ya 18 wakaushika kama mali yao wenyewe, wakikataa kuwatii Mabusaidi waliochukua utawala huko Maskati. Zaidi ya miaka 100 ya kukaa kisiwani iliwabadilisha mno. Walioa Mombasa, wakazungumza Kiswahili nyumbani, na wengi wao wakaacha madhehebu ya Ibadhi ya wazee wao wakafuata Shafii, madhehebu ya wenyeji wa pwani. Jambo hili husahauliwa na wanaodhani kwamba desturi husafiri upande mmoja tu, kutoka kwa mtawala kwenda kwa mtawaliwa. Mazrui walibadilishwa kwanza na pwani, ndipo nao wakabadilisha wengine.

Mwaka 1837 Seyyid Said, Sultani wa Omani na Unguja, aliitwaa Mombasa. Liwali wa mwisho wa Mazrui, Rashid bin Salim, alikamatwa kwa hila pamoja na wakubwa wengine wa ukoo, wakapakiwa merikebuni na kupelekwa Bandar Abbas katika Ghuba ya Uajemi. Hawakurudi tena. Rashid alimwacha nyuma mwanawe, Mbaruk, aliyekuwa bado mdogo.

Waliosalimika walitawanyika. Kundi moja lilikwenda kaskazini na kuweka makao Takaungu, jirani na Wagiriama. Kundi la pili, ambalo ndilo lililomlea Mbaruk, lilielekea kusini mpaka Gazi. Kila kundi lilikwenda mahali lilipokuwa na wenzi wa zamani. Tangu enzi za Mazrui kule Mombasa, Wadigo walikuwa na mapatano na Thelatha Taifa, yaani watu wa Kilindini, Changamwe na Tangana, na kwa njia hiyo walijuana na Mazrui kwa biashara, kwa ahadi za kusaidiana vitani na kwa ugeni. Mkimbizi hukimbilia anakojulikana.

Gazi palikuwa mahali pazuri pa mkimbizi mwenye kinyongo. Ghuba yake imekingwa na rasi ya Chale na kuzungukwa na mikoko, hivyo majahazi ya Sultani hayakuweza kuwavamia wakazi wake kwa ghafla. Nyuma yake ardhi ina rutuba, na mbele zaidi vinainuka vilima vya Shimba, vyenye misitu minene inayomfaa mtu anayetaka kujificha. Huko vilimani, mahali paitwapo Mwele, Mbaruk alikuja kujenga boma lake la miti, ambalo lilikuwa kimbilio lake kila alipozidiwa pwani.

Alipokuwa mtu mzima akashika uongozi wa tawi la Gazi, hakukubali kwamba mambo ya Mombasa yalikuwa yamekwisha. Kwa miaka mingi alipigana na masultani wa Unguja, akapatana nao, kisha akapigana tena. Miongoni mwa waliotumwa kumpiga alikuwa Muhammad bin Abdallah al-Bakshuweni, Akida wa Mombasa, ambaye naye baadaye aliasi na kufukuzwa katika Ngome ya Yesu mwaka 1875 kwa mizinga ya manowari za Uingereza. Mwaka 1882, baada ya Mbaruk kuushambulia mji wa Vanga, Sultani Barghash alimtuma Lloyd Mathews, ofisa wa Kiingereza aliyeongoza jeshi lake, kwenda kuuzingira Mwele. Boma lilianguka, lakini Mbaruk alikuwa amekwisha kutoroka, na si muda mrefu akawa amerudi tena Gazi kana kwamba hapakutokea neno.

Ustadi wake wa kutoroka na kurudi haukutokana na ushujaa peke yake. Mtu anayekimbilia bara huhitaji chakula, njia, maji na watu wasiomsaliti. Mbaruk alivipata hivyo kwa Wadigo na Waduruma. Jeshi lake halikuwa la Waarabu: walikuwamo Waswahili, watumwa wake mwenyewe, watoro waliokimbia mabwana wengine, pamoja na vijana wa Kidigo na Kiduruma waliofuata bunduki, nguo na ngawira. Katika kambi kama hiyo watu wa makabila mengi walikula pamoja, wakazungumza Kiswahili kwa kuwa ndicho kilichowaunganisha, na wakajifunza mienendo ya kila mmoja.

Gazi yenyewe ilikuwa kama soko na mahakama kwa wakati mmoja. Kulikuwa na msikiti, watu wa kuandika barua kwa herufi za Kiarabu, na wafanyabiashara Wahindi walioshika mkopo. Wadigo walishuka na mahindi, mtama, mpira wa porini na sandarusi, wakapanda na merikani, baruti na chumvi. Kiongozi wa Kidigo aliyekuwa na shauri na mfanyabiashara alihitaji barua, na barua ilihitaji mtu wa kuisoma. Aliyetaka kukopeshwa alihitaji kuaminiwa, na Mwislamu aliaminiwa upesi zaidi, kwa kuwa kiapo chake kilijulikana na ndugu zake katika dini walikuwapo kumdhamini. Aliyetaka kuoa binti wa mjini hakupewa mpaka awe amesilimu. Sababu hizi zinaonekana ndogo, lakini ndizo zilizofanya kazi ambayo msikiti wa Kongo, pamoja na umri wake wote, haukuifanya.

Zilikuwapo pia sababu za huzuni. Njaa kubwa iliyoikumba pwani na bara yake mnamo 1884 na 1885 iliwafanya wazazi wengi wa Kimijikenda kuwaweka watoto wao rehani katika miji ya Waswahili ili wapate nafaka. Baadhi ya watoto hao walikombolewa, na wengine wakakulia huko wakiwa Waislamu, ama kama watu wa nyumbani, ama kama watumwa. Walipopata kurudi kwao, walirudi na majina mengine.

Hapa ni lazima ukweli usemwe wote. Mbaruk alikuwa bwana wa watumwa, na mashamba ya Gazi yalilimwa kwa mikono yao. Watu wake walivamia vijiji na kuteka, na waliotekwa waliuzwa, hata pale ambapo biashara ya kusafirisha watumwa kwa bahari ilikuwa imekwisha kupigwa marufuku na mkataba wa Barghash wa mwaka 1873. Masimulizi ya wenyeji wa Gazi humkumbuka kwa ukali, ikiwemo adhabu ya kumfungia mkosaji chumbani na kumfukiza kwa moshi wa pilipili. Wadigo hawakuwa na kauli moja juu yake. Wapo waliomwona mwenzi na ngao, na wapo waliomkimbia. Anayemfanya kuwa shujaa wa taifa asiye na doa anawasahau watu hao wa pili, na ni wengi.

Wadigo waliosilimu katika miaka hiyo waliitwa mahaji, ingawa ni wachache mno miongoni mwao waliokuwa wamefika Makka. Haikuwa rahisi kuwa mhaji. Mambo yote makubwa ya kaya, kuanzia matambiko ya mvua hadi maziko, yaliambatana na tembo la mnazi. Aliyekataa kunywa alikuwa amejitoa katika baraza la wazee, yaani ngambi, na katika matanga ya jamaa zake. Ndiyo maana mahaji wa kwanza mara nyingi walihama, wakaishi kando ya miji ya Waswahili au wakaanzisha vitongoji vyao. Walipokuwa wachache walionekana watu wa kigeni waliozaliwa nyumbani. Walipoongezeka, wakawa na misikiti yao wenyewe na walimu wao wenyewe, na hapo mtu aliweza kusilimu bila kuwahama jamaa zake.

Kalenda nayo ilionja mageuzi. Wamijikenda walihesabu juma la siku 4, na mojawapo ilikuwa ya mapumziko, isiyolimwa. Mwenye kuswali Ijumaa alihitaji juma la siku 7. Kwa miaka mingi hesabu hizo mbili zilitumika bega kwa bega, moja kwa shamba na nyingine kwa msikiti. Wanawake nao walianza kuacha hando, vazi la marinda la Kimijikenda, wakajifunga leso. Majina kama Mwanaisha, Mwanamisi na Hamisi yakaingia katika koo ambazo ziliendelea kujitambulisha kwa majina ya mababu yanayoanza na Mwa-.

Jambo moja lilikataa kuhama, nalo ni urithi. Kwa desturi ya Wadigo mtu ni wa fuko la mama yake, na mali ya mwanamume humwendea mtoto wa dada yake. Sheria ya Kiislamu humpa mtoto mali ya baba yake. Desturi hizo mbili haziwezi kukaa katika mnazi mmoja, na minazi ndiyo iliyokuwa mali yenyewe, maana katika pwani ya kusini mtu angeweza kumiliki mti, kuuweka rehani au kuurithisha pasipo kumiliki ardhi uliosimama juu yake. Baba aliyesilimu alijikuta kati ya mwanawe aliyemsaidia kupanda na mpwa aliyekuwa akingoja.

Kwa kadiri fulani, ni shauri la aina hiyohiyo lililomwangusha Mbaruk mwenyewe. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilipopewa kibali cha Sultani mwaka 1888 kutawala pwani, ilimlipa Mbaruk posho ili atulie, naye akatulia. Mwezi Februari 1895 akafa Salim bin Khamis, sheikhe wa Takaungu. Wakubwa wa Kampuni walimtaka mwanawe, Rashid bin Salim, ashike mahali pake, kwa kuwa alikuwa rafiki yao. Lakini kwa desturi ya Mazrui uongozi ulimwendea mkubwa anayestahiki katika ukoo, na aliyedai haki hiyo alikuwa mtoto wa ndugu yake marehemu, aliyeitwa pia Mbaruk bin Rashid. Kufanana huko kwa majina kumewachanganya waandishi wengi. Mwana au mpwa? Mpwa huyu wa Kimazrui alikuwa wa upande wa kaka wala si wa dada kama kwa Wadigo, hata hivyo mzee wa Kidigo angelielewa shauri hilo bila kufafanuliwa.

Mbaruk wa Takaungu na ndugu yake Aziz walipigwa na Waingereza wakakimbilia kusini, kwa mzee wao wa Gazi. Waingereza wakataka watu hao watolewe. Mbaruk wa Gazi, ambaye wakati huo alikuwa mzee mwenye mengi ya kupoteza, alisitasita, akaandika barua, akaahidi, akachelewesha. Mwishowe hakuwatoa. Matawi hayo mawili yalikuwa yamehasimiana kwa muda mrefu, na kisiasa hakuwa na faida yoyote ya kuwatetea wageni wake. Lakini yeye mwenyewe alikuwa ameishi maisha yake yote kwa kuwa watu wengine hawakumtoa alipokimbilia kwao. Iwapo hilo ndilo lililomwamulia au la, baada ya hapo hakuwa na njia ya kurudi.

Tarehe 1 Julai 1895 Serikali ya Uingereza ilichukua utawala kutoka kwa Kampuni na kutangaza himaya yake. Mwezi uliofuata, tarehe 17 Agosti, kikosi cha Admirali Harry Rawson kiliuteka Mwele. Wanajeshi walioshiriki walichorewa jina la Mwele kwenye ukingo wa nishani zao, na hivyo jina la boma la msituni huko Shimba likasafiri hadi majumba ya mabaharia nchini Uingereza. Rawson huyohuyo ndiye aliyeipiga mizinga kasri ya Unguja mwaka 1896, na mwaka 1897 akaongoza shambulio la Benin huko Afrika Magharibi, ambako sanamu mashuhuri za shaba ziliporwa na kutawanywa katika makumbusho ya Ulaya.

Kuanguka kwa Mwele hakukuvimaliza vita. Wapiganaji wa Mbaruk walijigawa katika makundi madogo, wakashambulia miji na vituo toka Vanga hadi Malindi. Hamisi bin Kombo, mkuu wa Mtwapa, alijiunga nao, kuonyesha kwamba chuki dhidi ya utawala mpya haikuwa ya Waarabu pekee. Waingereza walilazimika kuagiza wanajeshi kutoka Bara Hindi, ambao waliteremka Mombasa mwezi Machi 1896. Kuanzia hapo Mbaruk alisukumwa kusini hatua kwa hatua.

Mwezi Aprili 1896 alivuka mpaka uliochorwa na Wazungu miaka kumi nyuma, akaingia katika himaya ya Wajerumani pamoja na jamaa zake na wafuasi wake wengi. Mpaka huo uliwagawa Wadigo sehemu mbili, wengine wakiwa upande wa Vanga na wengine upande wa Tanga, na kwa watu wa kawaida haukuwa na maana kubwa. Kwa mkimbizi ulikuwa na maana yote. Aliyempokea na kumnyang'anya silaha alikuwa Gavana Hermann von Wissmann, ambaye miaka michache kabla ndiye aliyezima vita vya Abushiri bin Salim al-Harthi, kiongozi wa wapiganaji wa Pangani aliyenyongwa mwezi Desemba 1889. Mbaruk hakunyongwa. Alipewa hifadhi, akahamishiwa Dar es Salaam, mbali na mpaka.

Majuma machache baada ya kusalimu amri kwake, kazi ya kutandaza reli ya Uganda ilianza Mombasa. Hilo lilikuwa pigo la pili kwa Gazi, na pengine lilikuwa zito kuliko la kwanza. Njia za misafara kutoka Vanga na Gazi kwenda Taveta na Kilimanjaro zilififia, na bidhaa zote zikafuata chuma. Pwani ya kusini, iliyokuwa mlango, ikawa uani. Kisha utumwa ukafutwa kisheria katika himaya mwaka 1907, na mashamba yaliyolimwa na watumwa yakaingia magugu. Katika nchi iliyoachwa kando namna hiyo mtu angetazamia kwamba dini na desturi za mabwana walioshindwa zingeondoka pamoja nao.

Ikawa kinyume. Kusilimu kwa Wadigo kuliongezeka kasi baada ya Mbaruk kuondoka. Alipokuwapo, kuwa Mwislamu kulikuwa na harufu ya kuwa mtu wa Gazi, mtumishi wa bwana fulani au mdeni wake. Alipoondoka, Uislamu haukuwa tena wa Mazrui. Walimu wa Kidigo, waliosoma Mombasa, Gazi na Vanga, walirudi vijijini kwao Tiwi, Diani, Ng'ombeni na Msambweni wakafungua vyuo chini ya miembe na kufundisha kwa lugha ya nyumbani. Serikali ya kikoloni nayo, bila kukusudia, iliwasaidia. Kwa mapatano yake na Sultani iliwaacha maliwali na makadhi waendelee na kazi katika ukanda wa pwani, hivyo Mdigo mwenye shauri la ndoa au mali alipata mahakama inayomtambua kama Mwislamu. Mahakama za kadhi zimo katika Katiba ya Kenya hadi leo.

Njaa nyingine kali iliyoanza mwaka 1898, muda mfupi baada ya vita, iliwatawanya tena watu kutafuta chakula. Kaya zilikuwa zimekwisha kuwa mahali pa matambiko tu. Watu waliishi mashambani mwao, mbali na macho ya wazee. Mamlaka ya ngambi yalipungua kadiri nyumba zilivyoachana, na msikiti wa kijiji ukawa ndipo mahali pa wanaume kukutana.

Hata hivyo Wadigo hawakumeza kila walicholetewa. Msitu wa Kaya Kinondo, karibu na Diani, ulihifadhiwa na wazee ambao wengi wao ni Waislamu, na mwaka 2008 Shirika la UNESCO liliuingiza pamoja na kaya nyingine katika orodha ya urithi wa dunia. Ngoma ya sengenya haikunyamaza. Katika pepo na uganga, maandishi ya Kurani yalikaa pamoja na dawa za miti. Kiswahili chenyewe kilipokea sura ya mahali: huko Vanga na Wasini watu husema Chivumba, na jirani yao Chichifundi, lahaja ambazo msikilizaji wa Mombasa huzitambua mara moja kuwa za kusini. Kidigo nacho kilikopa maneno mengi ya Kiswahili na kupitia hicho ya Kiarabu, kikabaki Kidigo.

Urithi wa minazi ndio uliosumbua zaidi. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 mashauri ya baba, mwana na mpwa yalijaa katika mabaraza ya wazee na mbele ya makadhi, huku maofisa wa Kiingereza wakisimama mara upande wa desturi na mara upande wa sharia. Wadigo wenyewe walibuni njia ya kupita katikati. Baba aliyetaka kumwachia mwanawe kitu alimpa minazi angali hai, kwa hiba, mbele ya mashahidi, na iliyobaki akiwaachia watu wa fuko wagawane atakapokufa. Sharia inaruhusu zawadi, na desturi haimkatazi mtu kutoa chake. Kwa hesabu hiyo mtu alikuwa Mwislamu kamili bila kumdhulumu mpwa wake.

Mbaruk hakuyaona mengi ya hayo. Aliishi Dar es Salaam mpaka mauti yalipomkuta huko mwanzoni mwa karne ya 20, akiwa mzee sana, katika mji wa Wajerumani uliojaa Waswahili kutoka kila pembe ya pwani. Baba yake alikuwa amefia Uajemi upande mmoja wa bahari, na yeye akafia ugenini upande wa pili.

Jumba lake la mawe lilibaki Gazi. Paa na kuta zake ziliwapita mabwana kadhaa, na kwa muda lilitumika kuwa shule ya msingi, ambapo watoto wa Kidigo walijifunza kusoma Kiswahili kwa herufi za Kizungu katika vyumba ambavyo babu zao walikuwa wakiviogopa.